Ugonjwa Ulioitwa Salamu

Kuna ugonjwa wa watoto wachanga ambao madaktari wa London waliupa jina la "salaam", neno lile lile ambalo sisi hulitumia kila asubuhi. Waliuita hivyo ju mtoto aliyeshikwa nao huinama mbele, kichwa kinashuka, mikono inatupwa nje au inakunjwa kifuani, halafu anaachilia. Anainama tena. Na tena. Ukimtazama haraka haraka utadhani anaamkua watu kwa heshima.

Haamkui mtu. Hicho ni kifafa, na ni moja ya aina mbaya zaidi zinazowapata watoto wa umri huo.

Nimekaa na historia ya huu ugonjwa kwa wiki kadhaa sasa. Kabla hujauliza: mimi si daktari. Chuo niliacha mwaka wa pili, na hata nilichokuwa nasomea hakikuwa na uhusiano wowote na dawa. Lakini kusoma hakuhitaji kitambulisho cha mwanafunzi, na hii stori imenishika ju ndani yake kuna kila kitu: baba aliyeomba msaada kwa barua, tezi za nguruwe, kampuni iliyopandisha bei mpaka mbinguni, na kidonge cha shilingi chache kilichokuwa kabatini muda huo wote.

Maoni yangu nayaweka mezani mapema. Tangu miaka ya 1950 dawa inayoweza kuzima hii mishtuko imekuwepo, na moja yake ni rahisi kuliko soda. Kile ambacho bado ni adimu ni mtu wa kuamini kitu ambacho mzazi ameona, na kukiamini mapema. Hebu twende polepole, utaona kwa nini nasema hivyo.

BARUA YA 1841

William James West alikuwa daktari katika mji mdogo wa Tonbridge, jimbo la Kent, Uingereza. Mtoto wake wa kiume, James Edwin, alizaliwa mwaka 1840 akiwa mzima kabisa. Alipofika miezi minne hivi, baba akaona kichwa kinadondoka mbele kidogo kidogo. Unajua alidhani nini? Alidhani ni mchezo wa mtoto. Huyu ni daktari, mtoto ni wake, anaishi naye nyumba moja, na bado mwanzoni alidhani ni mchezo tu. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Siku zikaenda, ule mchezo ukazidi. Mtoto akawa anainama mara 10, mara 20 au zaidi kwa mfululizo mmoja, kila mfululizo unachukua dakika mbili tatu, na unakuja mara mbili au tatu kwa siku. Baba akaona kitu kingine kilichomtisha zaidi ya kuinama: mtoto alikuwa anarudi nyuma. Ule uchangamfu ulikuwa umepotea. Hakuwa anafuatilia vitu jinsi mtoto wa umri wake anavyofaa kufanya.

West alijaribu kila kitu ambacho udaktari wa wakati wake ulijua. Akaamua kwamba huenda meno yanayoota yameuchokoza mfumo wa neva. Akamwekea ruba wa kunyonya damu. Akampoza kichwa kwa vitu baridi. Akampa dawa ya kuharisha iliyotengenezwa kwa zebaki. Ufizi ukachanjwa. Akaogeshwa maji ya moto. Baadaye akampa mpaka afyuni. Hakuna kilichosaidia.

Akampeleka London kwa Sir Charles Clarke, mmoja wa madaktari wakubwa wa siku hizo. Clarke alikuwa amewahi kuona visa vichache sana vya namna hiyo, na ni yeye aliyekuwa anauita mshtuko wa salaam kwa sababu ya ile kuinama. Jina alikuwa nalo. Tiba hakuwa nayo.

Ndipo West akaandika barua kwa jarida la Lancet. Ilichapishwa Februari 1841, wakati mtoto anakaribia kutimiza mwaka mmoja. Nimeisoma zaidi ya mara moja, na kinachonigusa ni kwamba haina mapozi ya kisomi. Ni mtu anayewaambia wenzake: mtoto wangu ana hiki na hiki, nimejaribu hivi na hivi, nimeshindwa, kuna yeyote kati yenu anayejua kitu? Siku hizi tungesema ameposti akaomba msaada.

Jibu la kumponya mwanawe halikuja. West alifariki mwaka 1848. James Edwin aliishi na ulemavu wa akili maisha yake yote na akafariki mwaka 1860, akiwa na umri wa miaka 20. Leo madaktari duniani kote wanauita ugonjwa huu sindromu ya West, kwa heshima ya baba ambaye hakuweza kumponya mwanawe lakini alimtazama vizuri na akaandika alichokiona.

KILICHOONEKANA NDANI YA KICHWA

Kwa zaidi ya miaka 100 hakuna kikubwa kilichobadilika. Madaktari wachache waliandika visa vyao, majina yakaongezeka, watoto wakaendelea kuharibikiwa.

Mlango ulifunguliwa na mashine ya kupima umeme wa ubongo, ile tunayoiita EEG. Mjerumani Hans Berger ndiye aliyechapisha vipimo vya kwanza vya umeme wa ubongo wa binadamu, mwaka 1929. Kisha Marekani, mtu na mkewe, Frederic na Erna Gibbs, wakakusanya maelfu ya michoro ya wagonjwa wa kifafa. Mwaka 1952 wakaeleza mchoro wa ajabu waliouona kwa hawa watoto wanaoinama: mawimbi marefu, yamevurugika, hayana mpango, kila sehemu ya ubongo inapiga kelele yake. Wakaupa jina hipsaritimia, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya urefu wa juu.

Kama umewahi kuwa stendi ya matatu saa kumi na mbili jioni, kila tauti anaita route yake, kila gari linapiga honi, unaelewa hipsaritimia. Na sasa fikiria kwamba katikati ya ile kelele kuna mtoto wa miezi sita anayejaribu kujifunza sura ya mamake, kukaa, kushika kijiko, kusikia maneno. Atajifunzia wapi? Hii ndiyo sababu ugonjwa huu unaogopwa. Mshtuko wenyewe ni wa sekunde moja au mbili, hauvunji mfupa. Tatizo ni kwamba ile kelele inaendelea hata wakati mtoto ametulia, na inatokea katika miezi ambayo ubongo unajengwa kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote.

NGURUWE WA CHICAGO

Sasa tunaingia kwa homoni.

Chini ya ubongo wako kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Moja ya kazi zake ni kutoa homoni inayoitwa ACTH. Hii homoni inasafiri kwa damu hadi kwenye tezi mbili zilizokalia figo na kuziambia: toeni kotisoli. Kotisoli nayo inafanya mambo mengi, na moja ni kutuliza ile hali ya mwili kuvimba, kuwa mwekundu na kupata joto, kama kidole kilichobanwa na mlango. Hiyo hali inaweza kutokea hata ndani ya ubongo. Hapa nitaiita moto wa ndani, ili usije ukafikiria uvimbe wa donge.

Mwaka 1948, katika Mayo Clinic kule Minnesota, daktari Philip Hench alimdunga kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi ambaye viungo vilikuwa vimekakamaa. Baada ya siku chache mgonjwa alikuwa anatembea. Dunia ya udaktari ikapagawa. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kampuni ya Armour ya Chicago ilikuwa ya kuchinja na kuuza nyama. Ilikuwa na nguruwe wengi sana, na kila nguruwe ana ile tezi. Wakaanza kukamua ACTH kutoka kwenye tezi ambazo zingetupwa, na mwaka 1952 dawa yao, Acthar, ikaidhinishwa Marekani. Kumbuka huo mwaka na hizo tezi, ju tutarudi kuangalia bei.

Miaka hiyo madaktari walikuwa wanajaribu hizi homoni kwa karibu kila ugonjwa. Si kwa sababu walikuwa na nadharia nzuri. Walikuwa na nyundo mpya na kila kitu kilifanana na msumari. Huko Ubelgiji, Lucien Sorel na mwenzake Dusaucy-Bauloye wakaijaribu kwa watoto wenye mishtuko ya salamu. Mwaka 1958 wakachapisha matokeo ya watoto 21. Katika kichwa cha makala yao, kwa Kifaransa, walitumia neno lenye maana ya kustaajabisha. Na walikuwa na haki. Dawa za kawaida za kifafa zilikuwa zimeshindwa na hawa watoto. Kwa sindano za homoni, mishtuko ilikatika na ule mchoro wa vurugu ukatulia. Mwaka huo huo daktari mwingine Marekani akachapisha matokeo yake kwa kutumia kotisoni na ACTH.

Miaka 117 baada ya barua ya West, jibu lilikuwa limefika.

KWANI NI MOTO?

Kuna kitu kilinishtua nilipounganisha hizi stori mbili. Ruba, maji baridi, dawa ya kuharisha: yote hayo, kwa lugha ya udaktari wa 1841, yaliitwa tiba ya kuzima moto wa ndani. West alikuwa anajaribu kuzima moto kichwani mwa mwanawe. Miaka 117 baadaye kilichofanya kazi ni homoni ambayo, miongoni mwa kazi zake, inazima moto wa ndani. Je, yule mzee alikuwa na wazo sahihi ila vifaa vibaya?

Ningependa kukuambia ndiyo, ingekuwa video tamu sana. Lakini ukweli ni mgumu kidogo. Mishtuko hii ina sababu nyingi. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa. Mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo. Mtoto ambaye ubongo wake uliumbika tofauti. Mtoto mwenye hitilafu ya jeni. Na wapo ambao sababu haipatikani kabisa. Kwa baadhi yao moto wa ndani uko wazi: maambukizi na kukosa hewa vyote huacha ubongo ukiwa umewaka. Kwa wengine hauonekani kirahisi, na bado homoni inawasaidia.

Ndiyo maana kuna maelezo mengine. Mmoja wa watafiti wanaojulikana sana hapa ni Tallie Baram wa California. Yeye anaangalia homoni nyingine inayotoka ndani ya ubongo, CRH, ile inayoanzisha mbio zote za msongo wa mwili. Katika ubongo mchanga, CRH ikizidi huchochea kifafa. Ukimpa mtoto ACTH au steroidi, ubongo unaona homoni tayari ziko nyingi na unapunguza CRH. Kelele inashuka. Pia inaonekana ACTH yenyewe inaweza kufanya kazi moja kwa moja ndani ya ubongo, bila kupitia kotisoli.

Kwa hivyo tuna dawa inayofanya kazi tangu 1958, na wanasayansi bado wanabishana inafanyaje kazi. Hilo halinisumbui. Watu walikuwa wanapika chapati kabla ya mtu yeyote kueleza gluteni. Kinachonisumbua ni kilichofuata.

CHUPA YA DOLA 40

Ulaya walihamia kwenye ACTH inayotengenezwa maabara, bila nguruwe. Marekani walibaki na ile ya nguruwe. Ilikuwa dawa ya zamani, wagonjwa wachache, haina faida kubwa. Mwaka 2001 kampuni kubwa iliyokuwa inaimiliki ikaiuzia kampuni ndogo, Questcor, kwa dola 100,000. Si milioni. Dola laki moja. Chupa moja wakati huo iliuzwa kama dola 40.

Bei ikapanda taratibu. Kisha Agosti 2007 chupa iliyokuwa dola 1,650 hivi ikaamka asubuhi ikiwa zaidi ya dola 23,000. Dawa ile ile. Tezi zile zile. Kampuni ilijitetea kwamba dawa ya wagonjwa wachache haiwezi kujiendesha kwa bei ya zamani.

Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha rasmi Acthar kwa mishtuko ya watoto wachanga, kitu ambacho madaktari walikuwa wanakifanya kwa miaka 50. Mwaka 2013 Questcor ikanunua haki za Marekani za ile ACTH ya maabara, yaani ile ambayo ingeweza kuja kushindana nayo. Mwaka 2014 Questcor yenyewe ikanunuliwa na Mallinckrodt kwa dola bilioni 5.6. Pesa hizo zote, kwa sehemu kubwa, zilikuwa zimekalia chupa moja.

Januari 2017 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilisema bei ilikuwa imetoka dola 40 hadi zaidi ya dola 34,000 kwa chupa, na kwamba tiba nzima ya mtoto mmoja mwenye mishtuko hii inaweza kupita dola 100,000. Kwa hela zetu za sasa hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 12. Mtoto mmoja! Tume ikadai ule ununuzi wa 2013 ulilenga kuua ushindani. Kampuni ilipinga madai hayo lakini ikakubali kulipa dola milioni 100. Mwaka huo huo mji wa Rockford, Illinois, ukaenda mahakamani kwa sababu bima ya wafanyakazi wake ilikuwa imelipa karibu dola 500,000 kwa watoto wawili tu. Oktoba 2020 Mallinckrodt ikaomba ulinzi wa mahakama kama kampuni iliyofilisika, huku ikiandamwa pia na kesi za dawa za maumivu.

Wengi wangeishia hapa, waseme ubepari mbaya, wakusanye laiki, kwaheri. Mimi naona kuna funzo jingine ambalo limefichwa na hii hasira.

KIDONGE

Wakati Marekani wanapigana juu ya chupa, Waingereza walikuwa wameuliza swali la kawaida kabisa: je, steroidi ya kumeza, prednisoloni, haiwezi kufanya kazi hiyo hiyo? Prednisoloni unaijua. Ni ile wanayopewa watu wa pumu na mzio. Imekuwepo tangu miaka ya 1950, haina mwenyewe, na kidonge ni shilingi chache katika duka la dawa.

Matokeo yalichapishwa katika Lancet mwaka 2004, jarida lile lile la barua ya West. Watoto 107. Baada ya siku 14, mishtuko ilikuwa imekoma kwa watoto 21 kati ya 30 waliopewa prednisoloni, yaani asilimia 70. Kwa waliodungwa ACTH ya maabara ilikuwa 19 kati ya 25, asilimia 76. Kwa dawa nyingine iitwayo vigabatrini ilikuwa 28 kati ya 52, asilimia 54. Vigabatrini ina nafasi yake, hasa kwa watoto wenye ugonjwa wa tuberasi sklerosisi, ingawa inaweza kudhuru macho. Lakini tazama hizo namba mbili za kwanza. Vikundi vilikuwa vidogo, sawa, ila kidonge hakikuachwa mbali.

Kisha Sri Lanka, nchi isiyo na hela za kuchezea, ikafanya jaribio lake na watoto 97 na kuchapisha mwaka 2015. Siku ya 14, mishtuko ilikuwa imekoma kwa asilimia 58 ya waliomeza prednisoloni na asilimia 37 ya waliodungwa ACTH. Kidonge ndicho kilichoshinda.

Mwaka 2017 likaja jaribio kubwa zaidi, watoto 377, lililojumlisha homoni na vigabatrini kwa pamoja. Asilimia 72 walitulia, dhidi ya asilimia 57 ya waliopewa homoni pekee. Maendeleo hayo. Ila walipopimwa wakiwa na miezi 18, ukuaji wao wa akili haukutofautiana.

Kwa hivyo ni nini kinachobadilisha maisha ya hawa watoto baadaye? Kwanza ni chanzo: ubongo ulioumia vibaya tangu mwanzo unabaki na jeraha lake hata mishtuko ikikoma. Lakini wale watoto wa jaribio la Uingereza walipofuatiliwa hadi miaka minne, kuna kitu kingine kilijitokeza: muda kati ya mshtuko wa kwanza na dawa ya kwanza. Waligawanywa kutoka waliotibiwa ndani ya siku 7 hadi waliochelewa zaidi ya miezi miwili. Kadiri muda ulivyokuwa mrefu ndivyo alama za ukuaji zilivyoshuka. Chanzo huwezi kukibadilisha. Muda unaweza.

HUKU KWETU

Na muda ndio tunaoupoteza.

Kwenye ploti ninayoishi kuna mama kijana ambaye mtoto wake alianza hii kuinama akiwa na miezi mitano. Kliniki ya kwanza aliambiwa ni gesi. Ya pili, meno. Nyanya yake wa Pwani akasema ni nyuni, atafutwe mtu wa kumwangalia. Mahali pengine akapewa dawa ya kawaida ya kifafa na kuambiwa arudi baada ya mwezi. Alipofika kwa daktari wa neva za watoto, miezi mitatu ilikuwa imeisha. Mtoto alikuwa ameacha kucheka.

Simlaumu nyanya. Nyuni na degedege ni majina ya watu waliokuwa wanajaribu kueleza walichokiona, kama Clarke na salaam yake. Kilichoniuma ni zile kliniki mbili. Meno! Jibu lile lile ambalo West alilifikiria mwaka 1841, bado linatolewa kwa mama wa Kenya mwenye simu mkononi.

Na huyo mama alikuwa ameona. Alisema tangu wiki ya kwanza kwamba hii si kawaida, mtoto anafanya hivi akiamka, mara nyingi, na hanitazami tena. Karibu kila kitu ambacho daktari anahitaji kusikia kiko katika hiyo sentensi moja. Hakuna aliyeisikiliza.

Hatuwezi kusema ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa kifafa uliofanywa Kilifi pamoja na Ifakara ya Tanzania, Iganga ya Uganda, na vituo vya Ghana na Afrika Kusini. Kwa watoto, moja ya mambo makubwa yaliyoonekana kuhusiana na kifafa ni matatizo wakati wa kuzaliwa. Hao ndio wako hatarini kwa mishtuko hii pia: waliochelewa kulia, waliokosa hewa, waliougua ubongo wakiwa wachanga. Tunawajua. Tunawapa kadi ya chanjo na kuwaambia warudi kupimwa uzito. Tungeweza kumwambia kila mama wa mtoto kama huyo, kabla hajatoka wadi, kitu kimoja cha kuangalia.

Acha mimi niseme basi, ju ninao watu wanaonisoma.

Mtoto mwenye afya hushtuka. Mlango ukigonga au ukimlaza ghafla, anatupa mikono mara moja, basi. Hiyo kawaida hupungua na kwisha kufikia miezi minne hadi sita. Mishtuko ninayoizungumzia huja kwa mfululizo: anainama au anajinyoosha kwa sekunde moja au mbili, anaachilia, sekunde chache, tena. Mara nyingi ni akiamka usingizini. Mara nyingi huanza kati ya miezi mitatu na kumi na miwili. Wakati mwingine ni kichwa tu kinachodondoka, au macho yanapanda juu. Hakuna homa. Na polepole mtoto anapoteza vitu alivyokuwa amejifunza.

Ukiona hivyo, toa simu urekodi. Si ya kuposti, ni ya daktari. Mwili mzima uonekane, mwangaza uwepo, rekodi mfululizo wote. Kisha nenda siku hiyo hiyo hospitali yenye daktari wa watoto, uonyeshe, uulize kwa mdomo wako: je, hii ni sindromu ya West, na mtoto anaweza kupimwa EEG? Ukiambiwa ni gesi, onyesha video tena. Fenobabitoni, ambayo watoto wengi wa kifafa huanzishwa huku, haiizimi vizuri mishtuko hii, kwa hivyo kuuliza aina ya kifafa si ujuaji, ni haki yako.

Na usiende kujinunulia prednisoloni. Nimesema ni rahisi, sijasema ni salama kuchezea. Kwa dozi inayotumika hapa inashusha kinga, inapandisha presha na sukari, na mtoto mwenye kifua kikuu kilichojificha anaweza kuumia vibaya. Hata kuikatiza ghafla ni hatari. Inahitaji daktari wa kuianzisha, kuifuatilia na kuishusha.

West hakuwa na kamera. Alikuwa na maneno tu, na maneno yake yalikuwa mazuri kiasi kwamba madaktari bado wanayatambua. Sisi tuko na kamera mfukoni, kidonge dukani, na namba zinazosema siku saba si sawa na miezi miwili. Kilichobaki hakihitaji dola laki moja. Kinahitaji nesi wa kliniki ya chini kabisa aambiwe kwamba mama akisema mtoto anainama inama, hilo si jambo la kurudi mwezi ujao.

Kama unafanya kazi kliniki, niambie hapo chini: mlifundishwa huu ugonjwa? Dakika ngapi? Na kama una mtu aliye na mtoto mchanga, mtumie hii leo.